Kibuyu cha Dawa ya Mwezi

Wakati wa vita vya Majimaji nilikuwa mke mpya, nimeolewa upande wa Mbwara, na mume wangu alikwisha kimbilia msituni na wenzake kabla mto haujajaa. Nikabaki na mama mkwe. Chakula kilikuwa haba, kwa sababu mashamba mazuri ya bondeni yalilimwa pamba kwa amri ya akida, na pamba hailiwi. Nikakonda, na mwezi wangu ukakatika.

Mama mkwe alikuwa na jicho la kunguru. Alipoona sifui tena vile vitambaa vya siku zangu, akaniuliza nikiwa kinuni, "Mwali, mwanangu yuko msituni. Mimba hiyo umeiokota wapi?"

"Mimba gani, mama? Tumbo lenyewe limeshikana na mgongo."

"Matumbo hudanganya," akasema, akaenda kumwita somo yangu, mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo, aje anibane niseme kweli.

Somo alinitazama kucha za vidole, akanivuta kope la chini, akanibonyeza tumbo, akacheka.

"Humu hamna mtoto. Humu hamna hata ugali! Mwili wa mwanamke una akili. Ukiona ghala tupu, unafunga mlango wa mwezi."

Akaagiza uji wa mtama uliotiwa ufuta wa kusaga, mbegu za maboga, majani ya kunde, na kambale akipatikana. Juu yake maji ya uwatu na tangawizi. "Uwatu ni msaidizi tu," akasema. "Dawa yenyewe ni chungu cha chakula."

Wakati akisema hayo, mama mkwe alikuwa akijipepea kwa ungo, jasho linamchuruzika, ilhali nje mvua na baridi. Hali ile ilimwanza tangu masika. Mara acheke, mara anirushie mwiko, na ukimuuliza atakwambia ni moshi wa jikoni. Somo hakumuuliza. Alikaza uso akasema, "Dawa hii ina masharti. Mama mkwe asipoila pamoja na mwali, haishiki."

Niliuma midomo nisicheke.

"Kama ni sharti," mama mkwe akasema, "basi nitajitolea."

Akajitolea kwelikweli. Chungu alikikwangua yeye.

Somo alikuwa akiichemsha dawa kwake, karibu na kivuko cha Ndundu, nasi tulikwenda kuichukua. Siku moja tukirudi, askari mwenye bunduki akatuzuia njiani. Siku zile kukutwa na kibuyu cha maji lilikuwa jambo la kufa, maana serikali iliwinda ile dawa ya wapiganaji. 

"Nini humo?"

"Maji," akajibu mama mkwe.

"Maji gani?"

Papo hapo joto lake likampanda. Akafungua kaniki mabegani, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa ndoo.

"Maji ya wanawake, bwana askari. Mwali huyu mwezi umemgomea, na mimi wangu unaniaga kwa moto, kama unavyoniona. Onja. Ila mwanamume hajapata kuionja, kwa hiyo sijui kama itakupanda au itakushuka."

Askari alikuwa amekwisha nusa. Akakirudisha kibuyu kwa ncha za vidole, akajifuta mikono kwenye suruali. "Nendeni! Nendeni zenu!"

Tulipofika mbali tulicheka mpaka tukakaa chini. Ghafla mama mkwe akakiinua kibuyu akakitazama. "Kumbe kibuyu cha dawa ya mwezi hakichunguzwi," akasema.

Tangu hapo, wanawake wa kijiji kizima tukaugua mwezi kwa pamoja. Vibuyu vilijaa asali, chumvi na unga wa mtama, vimepakwa uwatu mdomoni, vikaenda hadi ukingo wa msitu kwa waume na watoto wetu. Askari wakituona kwa mbali walitazama pembeni. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Wanawake wa huku wana maradhi mabaya."

Mwezi wangu ulirudi kabla kunde hazijakauka shambani. Nilipomnong'oneza mama mkwe, alipiga kigelegele, kisha akakumbuka kuwa ni siri, akawaambia majirani waliokuja mbio kwamba ameona nyoka. Wakamtafuta nyoka huyo hadi uvunguni. Joto lake halikuisha mara moja, lakini hasira zilipungua, na akaanza kulala.

Vita vilipokwisha mume wangu alirudi, mifupa mitupu. Wenzake wengi hawakurudi, na njaa iliyofuata ilitutesa kuliko bunduki. Tulichimba mizizi ya porini, na kila mchana mama mkwe aligawa sahani, akinitilia mimi kabla ya mwanawe aliyemzaa. Mume wangu alipolalamika, akamwambia, "Wewe kula utashiba tu. Huyu akila, ukoo unashiba."

Mvua zilipokuwa njema tena nikajifungua msichana mwenye sauti kubwa. Mama mkwe akampakata akitamba kwamba mtoto amefanana naye. Na kweli, alikuwa mkali tangu siku ile.