Kipande Kilichoingia kwa Flashi

Radi ilipounguza laptopu yangu pale machimboni, nje ya Kharumwa, iliondoka na king'ora cha duara, yaani shimo letu la kuchimbia dhahabu. Jirani na shimo letu kuna duara la zamani lililojaa maji, na mimi ndiye niliyeandika programu ya kuyafuatilia kupitia kipima maji kilichowekwa humo. Maji yakishuka ghafla kule, maana yake yamepasua ukuta na yanakuja kwetu. King'ora kinalia, wachimbaji wanapanda. Mdogo wangu ni mmoja wao.

Niliazima kompyuta nyingine, nikahamishia nakala ya programu iliyokuwa kwenye simu. Ikagoma kujengeka, yaani kuunganishwa ikawa kitu kimoja kinachofanya kazi. Programu haijitoshelezi, inaazima vipande vilivyoandikwa na watu wengine, na vyote hutajwa kwenye faili la ujenzi. Faili langu lilikuwa vurugu tupu, kwa hiyo nikatumia kifaa kimoja cha ndani ya kompyuta, cha kuendeshwa kwa amri za kuandika, kinacholisoma na kukutolea majina ya vipande vinavyohitajika. Kikayatoa, nikavipakua vyote. Bado ikagoma.

Sasa unataka nini tena, wewe? Nikarudia amri, nikarudia, nikakitukana kifaa cha watu. Ndipo nikakumbuka. Kipande cha kusoma kipima maji sikukipakua mimi. Bando lilikuwa limekata, rafiki yangu wa Shinyanga mjini akanipa kwa flashi, nikakiweka kwenye laptopu kwa mkono. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Hakikuandikwa kwenye faili, na kifaa husoma kilichoandikwa tu. Nikampigia rafiki: flashi alishaifuta. Nikatafuta mtandaoni: aliyekitengeneza alishakiondoa.

Nikamwomba mwenye duara asimamishe kazi, hakutaka kusikia. Jiwe lenye dhahabu lilikuwa limeonekana.

"Zamani tulichimba bila kompyuta," akasema.

Kweli, na zamani watu walizikwa humo humo bila kompyuta.

Nikakimbilia kwenye mdomo wa duara. Mdogo wangu alishaanza kuteremshwa, nikaiona taa ya kofia yake tu.

"Panda juu," nikamwambia. "King'ora hakifanyi kazi."

"Mpaka saa ngapi, kaka?"

"Sijui. Labda nisiweze kabisa."

Akajishikilia vizuri kwenye kamba.

"Nakujua, kaka. Wewe kamalizie tu. Kikilia tutasikia."

Winchi ikazunguka, kamba ikashuka, na mimi nilikuwa sijui hata nianzie wapi.