Gilet ya Rukundo, ile nilishonesha na éponge ya matelas

Bakubwa ba hapa ndani, jambo kwenu bote.

Mi niko kijana wa Baraka, masomo iliniachia ku primaire, kwa hiyo maandiko mutaivumilia. Hii ninaleta njo kweli tupu. Mbele sijaanza, mujue tu: mwenye anaonekana mujinga mu hii habari, njo mi. Musitafute mwengine.

Tulipanga mashindano ya mitumbwi ya tanga. Unatoka hapa ku ziwa, unaenda kuzunguka kopo ya njano yenye bafunga na jiwe kule mbali, unarudi. Ule wa kwanza anapata mbuzi na sifa. Mbuzi inaisha ku sahani. Sifa unatembea nayo mwaka muzima.

Comité ya mashindano ikaweka sheria moja ya nguvu: kila muntu avae gilet, ile koti ya kukuzuia kuzama. Na si gilet yoyote. Iwe na étiquette ndani, ile kitambaa kidogo ya maandishi, ionyeshe mwaka ilitengenezwa, na cachet, muhuri ya kusema ilipimwa. Ya zamani sana, hapana. Ya kupasuka, hapana.

Mwenye kukontrole alikuwa Mama Salima, mwenye boti za biashara. Ule mama, ukifika ku boti yake bila gilet, hata ukuwe pasteur, utashuka na Biblia yako.

Ku mutumbwi yetu tulikuwa batatu. Kaka yangu mukubwa anashika usukani. Mi ninavuta kamba ya tanga. Na rafiki yangu Rukundo anakala ku ubavu ya juu, ili upepo isitupindue. Ile kazi inaomba kilo. Na kilo, Mungu alimupatia Rukundo bila kupima.

Rukundo ni muntu wa Bibokoboko, kule milimani. Alishuka huku na bazazi wakati mambo iliharibika kule. Anauzisha maziwa ku soko.

Kuogelea hajue. Kule kwabo maji ni ya kunywesha ng'ombe. Ikikufika ku magoti, umeenda safari.

Ku soko banamusumbua kila siku. "We muntu wa mulima, ziwa ni ya bantu, we rudia ku mabwe yako!" Yeye anacheka. Lakini mi niko naye kila siku, ninaona vile anacheka na meno tu.

Njo maana ile mashindano aliitaka kuliko sisi bote. Bamuone mara moja kati ya maji, basi, banyamaze.

Sasa gilet. Kaka alikuwa na yake, mi na yangu, zote muzuri. Ya tatu ilikuwa ya zamani, inalala ku nyumba. Nguo jua iliikula, kifungo ilipotea, ya ndani inavunjika sawa mukate ya juzi.

Lakini étiquette! Étiquette ilikuwa safi. Mwaka inasomeka, si mubaya. Cachet iko.

Kichwa yangu ikasema: si banatafuta étiquette? Étiquette iko. Inabakia tu kutafuta gilet ya kuizunguka.

Musicheke mbele, ngojeni.

Nikaenda kwa fundi Amisi, anashonaka matelas ya kulalia. Akafungua ile kitu, akatupa ya ndani, akaweka éponge mupya, ile sifongo ya godoro, kitambaa ya machungwa, kamba mupya. Étiquette akairudisha fasi yake. Akaniambia: "Petit, hii hata ukizama, utalala muzuri." Nikacheka. Nilifikiri ni mchezo.

Nikaipeleka kwa Rukundo. Bakubwa, ule muntu alifurahi! Akaivaa pale pale. Akaenda ku soko, akauzisha maziwa na gilet ku mwili.

Siku ya mashindano ikafika. Bantu bamejaa ku muchanga. Mama Salima anapita, anasoma, anafinya, anavuta kamba. Akafika kwetu.

— Hii ya nani?

— Ya uyu mukubwa, Mama. Soma étiquette pole pole, usikimbie.

Akasoma. Mwaka, sawa. Cachet, sawa. Mi nikageukia benzetu: "Munaona bantu bamejipanga? Mukuye mujifunze."

Akafinya. Akafinya tena.

— Mbona nguo iko kijana, na étiquette iko muzee?

Bakubwa, hapo mwenye akili angenyamaza. Mi nikajibu na nguvu, bote basikie:

— Mama, hiyo njo ufundi! Kila kitu tulibadilisha! Hata ya ndani tulitoa, tukaweka ya matelas! Étiquette tu njo ya zamani!

Mama Salima akageuza étiquette, akaisoma tena.

— Mutoto wangu, hii cachet ilipima nini?

— Gilet.

— Gilet gani?

— Ile... ya mbele.

— Iko wapi?

— Fundi aliitupa.

Bantu balicheka mpaka mwengine alikala chini. Mama Salima hakucheka. Alifunga mufuko ya muchanga ku gilet, akaiweka mu maji ya kufika ku kiuno.

Ikaelea! Nikaanza kucheza ngoma pale pale. Akaniambia: "Cheza, papa, wakati iko juu bado." Akaendelea na bengine.

Niligeuka kuangalia tena, haiko juu. Ile machungwa ilikuwa imekala chini ku muchanga, imetulia. Haikufanya hata kelele.

Rukundo alikuwa pembeni yangu. Anaiangalia. Anaiangalia tu.

Hapo hata bale ba kucheka baliacha.

Mama Salima akasema gilet ni mbili, muntu moja atabakia. Rukundo akaanza kuondoka. Nikamushika mukono, nikatoa yangu, nikamuvalisha. Mama Salima akafunga kamba yeye mwenyewe, akaivuta mara mbili.

Balienda babili. Mi nilibakia kukamua éponge, inatoa maji sawa mbuzi inakojoa, batoto bananizunguka banaimba jina yangu.

Balikuwa ba pili, kuhesabia nyuma. Lakini mungemuona Rukundo anarudi! Ameshika ubavu ya mutumbwi na mikono mbili, macho imetoka, anapigia bamama ba soko kelele: "Munaniona? Munaniona?" Banamupigia vigelegele.

Somo yangu: étiquette inasemea tu ile gilet ilizaliwa nayo. Ukibadilisha ya ndani, inabakia jina ya marehemu. Mwenye iko na gilet ku nyumba, asome mwaka, aifinye, aijaribishe ku maji, mbele hajaivalisha mutoto wa bantu. Mwenye anajua fasi banauzisha ya kweli, aandike hapa chini. Matusi pia muweke, nitasoma yote.

Tulivyokuwa tunarudia ku nyumba, nilimuomba Rukundo pole. Kisha akaniambia:

— Mi nilisikia ile gilet iko laini kupita tangu siku ya kwanza. Lakini maji, we njo unajuaka. Ingekuwa ng'ombe, ningekuambia.