Droni Juu ya Ua wa Bibi

Nacheka nikisimulia haya, lakini wallahi siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu, na mpaka leo nikienda Likoni kuna shangazi zangu wasioniita jina langu, huniita Rubani.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakupenda picha. Ukiinua simu tu, ashajifunika leso uso mzima. "Picha ya nini nami nipo?" ndivyo alivyokuwa akisema. Basi binamu yangu alipokaribia kuolewa, na jamaa wote wakawa wanakuja nyumbani kwa Bibi, nikaapa kwamba mara hii namnasa Bibi pale kwake, katika nyumba ile iliyotulea sote, kabla uzee haujatupokonya.

Nikaenda kununua kamera. Muuzaji akaniuliza ya kazi gani, nikamwambia ya safari na mambo ya nyumbani.

"Basi chukua hii ndogo, kaka. Yaingia mfukoni, na mtu hashtuki."

Maneno ya hekima hayo, lakini jicho langu lilikuwa limeshaganda kwenye droni (mimi, karani wa ghala Changamwe, ambaye hata baiskeli hunishinda kwenye kona), nikajiona nikiipiga nyumba ya Bibi kutoka juu, mabati yake na kisima na ile mipapai yake, nikalipa.

Siku nilipoirusha ilikuwa siku ya singo, bi harusi anasingwa mwili mzima kwa liwa ya kunukia uani, wanawake watupu, mitandio imewekwa kando, na mwanamume hapiti hapo hata awe na kiu ya kufa. Hilo nalijua tangu utotoni. Nilikuwa barabarani na wajomba tukingoja pilau, nikasema nairusha kidogo tu, upande wa mbele, nipige paa. Ikapanda vizuri, wajomba wakanipigia makofi, nami nikajiona mtu, halafu ukaja upepo, kioo cha simu niliyoiongozea kikawa cheusi, nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, ikavuka paa ikashukia upande wa pili.

Ngoma ya uani ikakatika. Vikapanda vikelele ambavyo nadhani hata ng'ambo walivisikia, na ndani yake sauti ya Bibi: "Nipani ufagio!" Kisha kishindo kimoja.

Akatoka Shangazi Zuhura, buibui kalivaa upande, kaishika droni kwa bawa kama kuku aliyekufa.

"Ya nani hii?"

Wajomba wote wakanitazama mimi.

"Yangu, Shangazi. Ni upepo..."

"Upepo una jicho?"

Ikabidi kilichonaswa kifutwe, na mimi sikuruhusiwa kukigusa, na ni haki, maana walikuwamo wake za watu vichwa wazi. Rukia, dada yake bi harusi, akaichukua kadi ya droni akaenda nayo kwenye kompyuta yake ndani. Nikakaa barazani peke yangu nikingoja hukumu. Badala ya matusi nikasikia vicheko, kisha Bibi, yule yule wa leso usoni: "Rejesha. Hapo hapo. Hebu rejesha tena!" Wakarudia na kurudia. Halafu akasema, "Haya, futa."

Baadaye Rukia alinieleza. Wenzake walipokimbia, Bibi alibaki katikati ya ua, nywele nyeupe zimefumuka kwa kucheza, akatazama juu, akacheka sana, ndipo akaomba ufagio.

Alitutoka mwaka uliofuata. Tulichobaki nacho ni picha ya kitambulisho, amekunja uso. Ile kamera ndogo nilirudi nikainunua, natembea nayo, na droni nimeapa sishiki tena hata kwa kukodiwa. Lakini kila penye arusi shangazi humwigiza Bibi alivyocheka siku ile, huyu aseme alishika kiuno, yule aseme la, alipiga makofi, kisha wanigeukie mimi niwaamue.

"Si ni wewe uliyempiga?"

Ndiyo, ni mimi niliyempiga. Wote wameiona picha ile, isipokuwa mimi.