Baba Anataka Kuombea Radhi Kosa Langu

Admin, naomba unifichie jina, hapa Kibiti tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, fundi wa kukereza vyuma, na Ijumaa inayokuja naiogopa kuliko siku yoyote.

Miaka ile karakana za umma zinauzwa kwa watu binafsi, karakana aliyofanya kazi baba yangu ilipata tajiri mpya. Akaleta mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, nami nikapelekwa Dar kujifunza programu yake. Unachora kifaa kwenye kompyuta, unachagua kisu, mashine yenyewe inachonga nyuzi za nati, ile mifereji ya kufungia. Baba alikuwa fundi mkuu. Mimi nilirudi kichwa kimevimba, acha nikiri.

Ikaja kazi ya haraka kutoka Mohoro, msimu wa mavuno: shafti na nati ya kubana puli ya mashine ya kukoboa mpunga. Baba akaniambia, "Mwanangu, nyuzi za hii ziende kushoto. Zikienda kulia, injini ikizunguka nati itajifungua."

"Nshasikia, baba," nikajibu, macho yangu kwenye kompyuta.

Programu ile usipogusa mwelekeo inakupa nyuzi za kulia. Sikuugusa. Mchoro ukapita vizuri kwenye skrini, nati ikaingia laini kwenye shafti. Baba alikuwa ameenda kuswali Ijumaa, na kwa desturi yake kifaa hakitoki bila yeye kukishika na kukikagua. Nikamkabidhi hivyo hivyo dereva aliyetumwa kutoka Mohoro, nikitaka baba arudi akute nimemaliza.

Siku ya tatu nati ikafunguka, puli ikachomoka. Mkobozi wa Mohoro, kijana mwenye watoto wadogo, akapoteza mkono.

Tajiri akatuita. Baba akaishika ile shafti, akapapasa nyuzi zake kwa kidole, akaniangalia mara moja tu. Nilipofungua mdomo akaniwahi: "Binti kafuata maelekezo yangu. Nimekosea mimi." Akafukuzwa siku ile ile. Nilikufa kwa aibu, lakini pia nilipata nafuu, na ile nafuu ndiyo inanitesa mpaka leo.

Tangu hapo baba anaitwa mzee aliyemkata mtu mkono. Wakikutana misibani, mkobozi haitikii salamu yake. Nyumbani hatujawahi kulizungumza. Leo nina karakana yangu, na watoto wa mkobozi ni wateja wangu, wananiita shangazi.

Sasa baba anaumwa, amebaki mifupa. Jumapili aliniambia, "Nipeleke Mohoro Ijumaa. Sitaki kufa sijamwomba yule bwana radhi."

Nikalia. "Baba, wewe huna kosa. Niache nimwambie mimi."

Akakunja uso. "Ukifika kule utanyamaza. Nimeubeba mzigo huu miaka yote, leo uje unitue njiani? Ukisema, radhi yangu huna."

Ndugu zangu, nikisema, nitamzika baba bila radhi yake, na wale watoto sijui wataniita nani. Nikinyamaza, mgonjwa wangu atainama mbele ya mtu ambaye hakumkosea, na mimi nimekaa mkeka huo huo. Je, yule bwana akikataa kumsamehe? Nitamtazama baba yangu akirudishwa garini na kosa langu?

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Nishaurini, nifanye nini?