Jinsi mathe alivyochambua mchele wa utafiti na posa ya dada ikaingia mashakani

Wakuu wa humu, nawasalimu nyote, wa zamani na mliojiunga jana.

Nimeona watu wakibishana kule jukwaa la kilimo kuhusu mchele mrefu na mfupi, nikakumbuka kisa cha nyumbani kwetu. Nitakieleza vile nilivyokiona. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mambo ya mbegu nikiyakoroga, wenye elimu mnirekebishe pole pole. Lakini yaliyotokea jikoni nina uhakika nayo. Karibu yote.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, mtaa wa Buruburu, Nairobi, bado unanuka rangi mpya. Tuliishi na mathe, yaani mama yetu, katika nyumba ambayo dada yangu Wanja aliipata kupitia kazi yake ya ofisini. Mimi nilikuwa nashona akala, vile viatu vya tairi, sokoni Kariokor.

Wanja alikuwa na mchumba, Wekesa, kijana wa kutoka Bungoma aliyefanya kazi kituo cha utafiti wa mpunga huko Mwea. Mathe hakuwa amemwona, ila wasiwasi alikuwa nao tayari. Kabila lilikuwemo kwa huo wasiwasi, nisiwadanganye. Lakini kazi ndiyo ilimsumbua zaidi.

"Mwanaume mzima anaajiriwa kupima punje za mchele na rula," alikuwa akisema. "Sasa huyo akioa, si atampimia mke ugali?"

Jumamosi moja Wekesa akaja kujitambulisha. Wanja alikuwa hajatoka kazini, kwa hivyo mimi ndiye nilimfungulia. Alikuwa na katoni mkononi. Akamsalimia mathe kwa heshima zote, akaiweka katoni mezani jikoni, halafu akaninong'oneza kwamba basi lilimchelewesha na hana chochote cha kuingia nacho kwa mama wa watu. Tukatoka mbio kwenda dukani kununua sukari, majani ya chai na mkate.

Wakuu, simameni hapo kidogo.

Mgeni wa posa ametoka Mwea, kule mchele unakotoka. Ameacha katoni jikoni kwenu. Unafungua, ndani ni mchele. Wewe ungefikiri nini?

Basi mathe naye alifikiri hivyo hivyo. Zawadi. Akamwita jirani, Mama Akinyi, ambaye bwanake alikuwa anafanya kazi reli, aje ashuhudie mkwe alicholeta. (Hii sehemu nilisimuliwa na Mama Akinyi mwenyewe, na yeye huongeza chumvi, kwa hivyo nimepunguza.)

Walikuta mchele uko kwenye vipakiti vidogo vya kaki, kila kimoja na namba yake. Wakashangaa kidogo, kisha wakamwaga vyote kwenye ungo waanze kuchagua mawe, kama mwanamke yeyote anavyofanya na mchele wowote.

Mawe hayakuwemo. Kilichokuwemo ni punje ndefu kama sindano, nyingine fupi za mviringo, na nyingi za katikati.

Siku hizo kulikuwa na wauzaji waliochanganya pishori, ule mchele mrefu wa kunukia, na mchele wa bei ya chini ili wakuuzie wote kama pishori. Mathe alishawahi kuuziwa. Hakuhitaji ushahidi mwingine.

Tuliporudi, ungo ulikuwa na mafungu matatu safi kabisa: mrefu kivyake, wa kati kivyake, mfupi kivyake. Vipakiti vilikuwa vimekunjwa vizuri kando, kwa sababu mathe hakuwa mtu wa kutupa karatasi.

"Kijana," mathe akasema kabla mgeni hajaketi, "mtu akija hapa mikono mitupu tunampa chai. Lakini huu mchele umechanganywa."

Wekesa akautazama ule ungo. Sukari bado iko kwapani.

"Ni kweli, mama. Umechanganywa. Tuliuchanganya sisi wenyewe."

"Wuololo!" Mama Akinyi akapiga makofi. "Mwizi mwenye adabu!"

Wekesa akaomba kiti. Akaeleza kwamba walichukua mpunga wa punje ndefu na wa punje fupi, wakaukutanisha ukiwa kwenye maua. Watoto wa kwanza wakatoka wa kati wote, wakafanana kama sare ya shule. Lakini wajukuu ndio walitawanyika: mmoja kamfuata babu, mwingine nyanya, wengine katikati. Kila kipakiti kilikuwa na mchele wa mjukuu mmoja, na namba ilionyesha ni yupi; alikuwa amevipitia mjini vilikopimwa, avirudishe Mwea.

"Kama kwangu!" Mama Akinyi akadakia. "Mmoja twiga, mwingine kigoda, na baba ni mmoja. Msinitazame hivyo."

"Na punje hukua ndani ya ganda," Wekesa akaendelea, "na ganda ni la mmea mama. Haiwezi kuzidi nyumba ya mamake."

"Hapo sasa umesema ukweli," mathe akasema. Kisha akavitazama vile vipakiti vilivyokunjwa. Nafikiri ndipo ilipomwingia.

Kwa sababu Jumatatu Wekesa alitakiwa kumwonyesha mkubwa wake wale wajukuu waliopimwa, ili wachague wa kupandwa msimu ujao. Sasa punje zilikuwa zimepangwa vizuri sana na hakuna aliyejua ipi ni ya mjukuu yupi.

Wanja akaingia wakati huo huo. Akaona ungo, akaona vipakiti, akaketi chini na viatu vyake vya ofisi na kuanza kulia. "Mama, umemfukuzisha kazi!"

Mathe akaanza kurudisha mchele kwenye vipakiti, kidogo hapa, kidogo pale, kama anayegawia watoto. Wekesa akamshika mkono taratibu.

"Acha tu, mama. Hata mimi siwezi kuwatambua."

"Hakuna mwingine uliobaki?"

"Kuna mpunga kidogo wa kila mmea kule kituoni. Lakini ni wa kubambua maganda kwa mkono, punje moja moja, isivunjike. Peke yangu sitamaliza."

Mathe akavua leso ya kiunoni, akaikunja. "Wanja, niletee koti langu la kanisani. Naenda Mwea."

Tulidhani ni hasira tu. Jumapili alienda kweli, na Wekesa nyuma amebeba kikapu chake.

Alirudi katikati ya wiki, vidole gumba vimefungwa vitambaa. Wanja hakuthubutu kuuliza, kwa hivyo nikauliza mimi.

"Mkubwa wake alifoka," mathe akasema. "Akataka kujua ni mjinga gani alimwaga vipakiti. Mimi niko hapo hapo kwenye kigoda, nabambua. Kijana akajibu, 'Niliviacha jikoni kwa watu bila kusema ni nini.' Akarudi akaketi, akaniuliza kama nataka chai."

Akamgeukia Wanja.

"Mwambie alete watu wake."

Wakuu, kwa haki ya pande zote: Wekesa alipaswa kusema, mathe alipaswa kuuliza, na yule mkubwa pia alikuwa na sababu ya kufoka. Kuhusu mbegu yenyewe, Wekesa aliniambia haikufika kwa wakulima, ilikuwa inavunjika ikikobolewa. Mazuri yote si lazima yaishe vizuri.

Nilichojifunza ni kidogo tu: kitu kikionekana kimechanganywa, muulize mwenyewe kabla hujaleta ungo. Labda nyinyi mnaona funzo lingine, mimi sina hakika sana.

Nani humu mama mkwe wake alimkubali kwa njia ya ajabu zaidi ya hii? Andikeni hapo chini, nipo nasoma.