Homa Niliyoieleza Vizuri

Vita vilipokata barabara ya Sake, njia ya kurudi Goma, nilikuwa nimekuja Mweso kumsalimia dada yangu mkubwa, mkulima wa maharagwe, kwa siku nne tu. Nikakaa miezi mitano. Nilikuwa mwaka wa pili wa biolojia chuoni Goma, na mkobani nilikuwa na silabusi moja, yaani kijitabu cha mihadhara, ya kinga ya mwili, niliyoisoma hadi katikati. Ilitosha kuniharibu. Majirani waliniita Profesa kwa kunitania, na mimi niliitika.

Shemeji alikuwa amekwama Walikale, kwa hiyo mwanamume wa nyumba nilikuwa mimi. Mtoto wao wa miezi tisa alichanjwa surua. Kesho yake asubuhi alichemka. Dada alimshika paji la uso, akamkagua viganja.

"Kaka, mutoto iko moto sana. Twende ku hopitali."

Nikacheka kicheko cha msomi. Nilichukua kipande cha mkaa, nikachora seli kwenye mlango wake wa jikoni. Seli hii, nikamweleza, imekutana na mgeni. Sasa inatoa saitokini, yaani molekuli za kupeleka habari. Zinapita kwenye damu, na habari ikifika, ubongo unaamuru mwili upandishe joto. Nikachora vipokezi vya kuzinasa, nikachora mishale. Mlango ulijaa.

"Homa hii njo alama kinga inafanya kazi," nikamalizia. "Tungoje."

Kila nilichochora kilikuwa kweli. Ila sikuwa nimefika ukurasa unaosema kwamba homa ya chanjo ya surua hukawia kama wiki nzima, maana virusi vile vilivyodhoofishwa vinahitaji kwanza muda wa kuzaana. Na kuna jambo jingine, ambalo halimo katika silabusi yoyote: asubuhi ile risasi zililia upande wa hospitali. Naona aibu kuliandika. Niliiogopa barabara, nikaziita saitokini zije kunitetea.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge.

"Weye bakia na mulango yako," akasema. "Miye naenda."

Nikamfuata hatua kumi nyuma, nikiinama kila ndege aliporuka kwenye migomba. Yeye hakuinama hata mara moja.

Hospitalini muuguzi alimchoma mtoto kidole, akapima tone la damu. Malaria, tena kali. Wakamtundikia dawa papo hapo. Jioni alifumbua macho, akanyonya, na mimi nikaenda nyuma ya jengo kulia.

Niliporudi, muuguzi alinitazama mimi mwenye shati la kola, akanidhani ndiye baba.

"Papa, umefanya muzuri kumuleta mbio. Mungengoja mpaka kesho, angekufa."

"Merci," nikajibu.

Dada alikuwa amekaa pale pale kitandani, vumbi la barabara bado miguuni. Alisikia. Hakunisahihisha, na mpaka leo hajamwambia mtu.