Kazija na Swali la Mfungo Mosi

Kazija kwa maswali, mwacheni. Mimi niko masjala, ndimi ninayemtafutia mafaili, basi maswali yake nayajua kuliko mumewe. Ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili katika hospitali yetu ya mkoa, mzaliwa wa Kilwa, ana miaka kumi na tisa kazini. Kila Ramadhani ikiisha, ndani ya Mfungo Mosi, ananitaka mafaili ya wagonjwa walewale, wamerudi hoi. Kwa nini wao, na kwa nini mwezi huo?

Aliyemuumiza roho zaidi ni Umi wa kijiji cha Miteja. Mara mbili mfululizo ameugua baada ya Idi, na mara mbili mawifi wamemchukua bintiye. Sasa wameapa kwamba akiugua tena, mtoto harudi.

Kazija akamwendea Dokta Benedicto, bingwa wetu, anayefundisha pia wanafunzi wa udaktari wanaoletwa hapa. Akamwomba alifanyie utafiti jambo hilo. Dokta si mtu mbaya, kachoka tu. Akasema utafiti ni wa wale wa Dar, wenye muda. Na hawa wanaacha dawa kwa sababu ya swaumu, jambo linajulikana. Nilikasirika mie! Linajulikana na nani? Kazija hakununa. Alimwomba nusu siku tu, waende kwa Umi wakamuulize.

Walikwenda zikiwa zimebaki wiki mbili mwezi wa Ramadhani uandame. Nami nikadandia gari, umbea wangu haunipi raha. Umi akatukaribisha mkekani, Kazija akamuuliza Ramadhani anamezaje dawa. Akajibu bila wasiwasi: kidonge kimoja baada ya chai, kimoja kabla ya kulala, kama alivyoelekezwa. Na chai ya Ramadhani mtu si anainywa magharibi, akifuturu? Basi vidonge vinafuatana, usingizi unamzoa, daku linampita, anashinda na njaa hata futari ya mtoto inamshinda kupika. Siku ya tano anaviacha.

Dokta akamgeukia Kazija.

"Hayo maneno ya chai ni yangu," akasema. "Nawaambia wote, nikimaanisha asubuhi."

Palepale akampangia Umi saa mpya, kimoja futari, kimoja daku, na vipimo vya dawa akavibadilisha. Njiani akamuuliza Kazija waliorudi mwaka jana ni wangapi. Ishirini na sita. Wanaishi wapi? Wanakunywa chai saa ngapi? Sasa muulizaji akawa yeye, hata nikachoka kumsikiliza. Wiki ileile akaandika kuomba kibali cha utafiti, jina la Kazija likiwa pembeni ya lake.

Mfungo Mosi, Umi alikuja kliniki siku yake, mzima, kamshika bintiye mkono. Nilimpelekea Dokta faili mwenyewe, ndiyo maana nilisikia.

"Kumbe ni hili tu," Umi alimwambia. "Mbona miaka yote hiyo hamkuniuliza?"

Dokta akavua miwani.

"Nilidhani najua, mama."